Rada ya hali ya hewa uwanjani inazingua? Anza na picha kabla hujafungua kabati

Wadau, hapa nimekusanya matatizo ambayo mafundi na watabiri wa zamu wananipigia simu kila msimu, maana masika ikianza tu simu haipumziki na mengi ni yaleyale ya mwaka jana. Naongelea rada ya hali ya hewa, ile yenye puto jeupe juu ya mnara inayoangalia mvua na upepo, siyo rada ya kuongozea ndege. Inabidi niseme mapema kwa sababu kwetu Tanzania ukimwambia mtu unafanya kazi ya rada anakumbuka ile kesi ya ununuzi wa rada na pesa zilizorudishwa, chenji ya rada, na ile ilikuwa mashine nyingine kabisa, ya kuona ndege ziko wapi. Hii yetu inatuma pigo la mawimbi, linagonga matone ya mvua, kiasi kidogo sana kinarudi, mashine inapima kimerudi kiasi gani na kimechukua muda gani, na kama ni ya Dopla inapima pia matone yanakuja au yanaondoka kwa kasi gani.

Kitu kimoja nakiomba kwa wote. Rada iliyozimika haina shida kubwa, kila mtu anajua imezimika, mtabiri anahamia kwenye setelaiti, taua (mnara wa kuongozea ndege) wanajua, rubani anaambiwa. Inayonikosesha usingizi ni rada inayoonyesha picha nzuri, ina rangi zote, alafu ni uongo. Kwa hiyo ukiona dalili yoyote kati ya hizi, kabla ya bisibisi shika simu, mwambie mtabiri wa zamu picha hii usiiamini mpaka nikuambie, na yeye awaambie taua. Tarehe 2 Agosti 1985 ndege ya Delta namba 191 ilikuwa inatua Dallas/Fort Worth ikapita chini ya wingu la radi, upepo ulikuwa unaporomoka kutoka juu na kutawanyika ardhini, kwanza ukaipiga kwa mbele ikabebwa, sekunde chache ukaigeukia kwa nyuma ikakosa nguvu, watu 137 wakafa. Ndipo Marekani wakajenga zile rada maalumu za viwanja wanazoziita TDWR. Na huku kwetu Novemba 6 mwaka 2022 ndege ya ATR 42 iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa, walikuwemo watu 43, tukazika 19. Hii kazi ina watu nyuma yake.

PICHA IMEGANDA, HAIBADILIKI

Hii ndiyo simu namba moja. Na sababu namba moja, naomba msicheke, ni saa. Picha za rada zinaandikwa UTC, ambayo iko nyuma yetu masaa matatu, sasa mtu anaangalia skrini saa tisa alasiri, saa ya ukutani inasema 15:00, kwenye picha imeandikwa 12:00, na kichwani mwake kuna saa za Kiswahili, anachanganya zote tatu anasema rada imelala toka mchana. Kabla hujasema imeganda ongeza masaa matatu kwenye ile saa ya picha, kama inalingana na sasa hivi ukitoa dakika tano mpaka kumi na tano za mzunguko, rada iko hai.

Kama kweli imeganda, nenda hatua kwa hatua kutoka kwenye skrini kurudi kwenye mnara, usianzie mnarani. Je, ni skrini moja tu au zote? Kama ofisi ya utabiri wanaona na taua hawaoni, tatizo ni la netiweki ya kwenda taua, angalia kebo, angalia ile swichi ya netiweki taa zinawaka, mara nyingi unakuta mtu wa usafi ameichomoa ili achomeke birika. Kama zote zimeganda ila kompyuta iliyoko kwenye kituo cha rada inaonyesha picha mpya, basi mawasiliano kati ya kituo na uwanja yamekatika, iwe mkongo au redio. Kama hata pale kituoni hakuna picha mpya, angalia diski ya seva imejaa. Hii inasahaulika sana, rada inajaza mafaili usiku na mchana na kama ile programu ya kufuta mafaili ya zamani ilisimama, siku diski ikijaa kila kitu kinasimama kimyakimya bila alamu. Usifute ovyo, hamishia data kwenye diski ya nje kwanza, zile picha za zamani ndizo zitakazosaidia siku kukiwa na uchunguzi wa ajali.

Hivyo vyote vikiwa sawa ndio uje kwenye umeme. Umeme ukikatika na kurudi, jenereta inachelewa sekunde kadhaa, UPS yenye betri zilizochoka haishiki hata hizo sekunde, kompyuta zinazima na kuwaka ila programu ya kuongoza rada haijiwashi yenyewe. Unairistati kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu, unamaliza. Ikitokea mara mbili kwa wiki usiendelee kuristati, badilisha betri.

MISTARI ILIYONYOOKA KUTOKA KATIKATI MPAKA UKINGONI

Unaona kama mtu amechukua rula akachora mstari kuanzia kwenye rada mpaka mwisho wa duara, wakati mwingine mmoja, wakati mwingine mingi kama spoki za baiskeli. Mvua haiwezi kuwa na umbo hilo.

Kwanza ondoa jua. Rada inasikia jua kama kelele, kwa hiyo jua likiwa chini kabisa asubuhi na jioni mstari mwembamba unatokea upande wake. Kwa Dar es Salaam unautegemea karibu nyuzi 90 (tunahesabu kutoka kaskazini kuzungukia mashariki) asubuhi za Machi na Septemba, karibu 66 mwezi Juni, karibu 114 Desemba, unadumu dakika chache unapotea. Huo siyo ugonjwa, huo ni rafiki, nitaeleza huko mbele.

Kama mstari upo palepale asubuhi, mchana, usiku, nyuzi zilezile, hapo ni mtu anarusha mawimbi kwenye masafa yako, na mara nyingi ni waifai ya nje. Rada nyingi za bendi ya C (bendi ni kundi la masafa, nyingine ni S na X) zinafanya kazi megahezi 5600 mpaka 5650 na jirani zake, na hapohapo ndipo zinapopita redio za intaneti za gigahezi 5, zile antena ndogo nyeupe zinazofungwa juu ya ghorofa kupeleka intaneti mtaa wa pili. Mkutano wa dunia wa masafa wa 2003 uliruhusu vifaa hivyo kwa sharti viwe na DFS, yaani kifaa kisikilize kwanza, kikisikia rada kihame. Shida ni mafundi wa intaneti wanaizima hiyo DFS au wanaweka kifaa nchi nyingine kwenye settingi ili kisihamehame. Kilichotokea San Juan kule Puerto Rico mwaka 2009 ndio hicho hicho, rada ya uwanja ikavurugwa na redio za nje za gigahezi 5 mpaka mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaanza kutoza faini.

Cha kufanya: andika nyuzi za mstari kwa usahihi, piga picha ya skrini kila saa kwa siku mbili, chora mstari huo kwenye ramani uone unapita juu ya nini. Kisha, na hapa nina kidonda changu, angalia vifaa vyenu wenyewe. Kuna kituo tulihangaika karibu wiki mbili tukizunguka mtaani na gari tunatafuta mkorofi, tumeshaandaa mpaka barua, siku moja kijana wa zamu akachomoa redio yetu sisi iliyokuwa inapeleka data za rada ofisini, mstari ukafutika palepale kwenye skrini. Ilifungwa na sisi, masafa tulichagua sisi. Kwa hiyo zima vya kwenu kwanza kimoja kimoja.

Mkiwa wasafi, peleka ushahidi kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda. SIMAMA HAPA: usipande kwenye paa la mtu kuzima kifaa chake. Siyo kazi yako na unaweza kuumia, wao wana gari la kupimia na wana sheria.

Mistari ikiwa mingi, inatokea na kupotea bila mpangilio, na ipo hata transmita (inayorusha mawimbi) ikiwa imezimwa, inaweza kuwa kelele kutoka ndani, risiva (inayoyapokea) au konekta iliyolegea. Hiyo ni ya fundi mwenye vifaa vya kupimia.

MVUA INAONEKANA LAKINI NJE KUKAVU

Pwani hii ni ya kila siku. Jua likizama, au asubuhi bahari ikiwa imetulia, hewa ya chini inakuwa na unyevu mwingi na ya juu yake kavu, mwale wa rada badala ya kunyooka unapinda chini unagonga maji, visiwa na meli. Unaona madoa makali kuelekea Zanzibar, mtabiri anadhani radi imeanza baharini. Kipimo chake ni rahisi, panda tilti. Mvua ya kweli ina kimo, ukiinua antena kutoka nusu nyuzi mpaka nyuzi mbili tatu bado unaiona, ila mwangwi wa bahari unafutika. Pia angalia picha ya kasi, vitu vya ardhini vinasimama sifuri. Meli itakudanganya kidogo kwa sababu inatembea, ila haikui wala haisambai. Malizia kwa setelaiti, kama Meteosat haionyeshi wingu hakuna mvua hapo.

Ukiona madoa yaliyosimama sehemu moja mwaka mzima huo ni mlima, ghorofa au mnara wa simu, na vichujio vya Dopla vinatakiwa kuyafuta. Kama zamani yalifutwa na sasa yamerudi, mtu amegusa settingi baada ya matengenezo, linganisha na nakala ya settingi iliyohifadhiwa. Hamna nakala? Itengenezeni leo, rada ikiwa nzima.

Halafu kuna viumbe. Popo wakitoka mapangoni au mitini jioni inaonekana pete inayotanuka kutoka nukta moja, ndege wakiamka asubuhi vilevile, na wadudu wanajaza eneo la karibu na rada kwa rangi hafifu usiku wa joto. Rada iko sawa, ila usiipuuze picha hiyo, ndege wa porini wengi karibu na njia ya kutua ni habari ya taua.

Ya mwisho na ya nadra inawachanganya hata wazoefu. Rada ikipiga mapigo 1000 kwa sekunde, inasubiri kila pigo lirudi kutoka kilomita 150 tu kabla ya kupiga lingine. Wingu kubwa lililoko kilomita 190 linajibu kwa kuchelewa, jibu lake linaingia kwenye zamu ya pigo linalofuata, rada inaliandika kilomita 40. Unapata kipande chembamba kirefu kama ulimi kinachoelekea kwenye rada. Badilisha idadi ya mapigo kama una ruhusa hiyo, kikihama umbali ni feki, mvua ya kweli haihami ukigusa kitufe.

MVUA INANYESHA, RADA HAIIONI AU INAIONA NDOGO

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo hatari ilipo.

Anza na jiometri, haina gharama. Dunia ni duara na mwale unapanda, kwa tilti ya nusu nyuzi ukifika kilomita 100 mwale uko karibu kilomita moja na nusu juu, ukifika 200 uko karibu kilomita nne. Mvua ya mawingu mafupi huko inapita chini ya mwale, rada haina kosa. Na kinyume chake, rada iliyojengwa ndani ya uwanja haioni kilichoko juu ya kichwa chake, kuna koni tupu pale. Ndio maana TDWR za Marekani hazijengwi uwanjani, zinawekwa kilomita kadhaa pembeni zikiangalia ranwei. Kama yenu ipo palepale, mtabiri lazima ajue kwamba wingu la sibii (wingu la radi) likiwa juu ya uwanja anaona vipande tu.

Pili angalia kivuli. Sekta moja, tuseme nyuzi 200 mpaka 215, siku zote hafifu, hiyo ni kizuizi. Tembea nje, panda ngazi, angalia kwa macho upande ule. Miti inakua. Ghorofa zinajengwa. Nimewahi kukuta mkaratusi ambao kwenye picha za kukabidhi kituo ulikuwa mche.

Tatu, redomu imelowa. Mvua ikipiga juu ya puto lenyewe linafunikwa na utando wa maji na picha nzima inafifia, na bahati mbaya hiyo ndiyo dakika ndege inahitaji picha. Redomu mpya ina rangi inayofukuza maji, matone yanateleza kama kwenye jani la mgomba. Ikizeeka, ikashika vumbi, chumvi na kuvu ya kijani, maji yanalala juu yake kama blanketi. Mwaga maji kidogo sehemu unayofikia ukiwa ndani ya reli za usalama, yakikimbia kwa matone bado nzima, yakitandaa inahitaji kuoshwa kwa sabuni laini na kitambaa laini kama kitabu kinavyosema. Msitumie petroli, msitumie brashi ngumu, msitumie mashine ya presha, mtatoa ile rangi kabisa. SIMAMA HAPA kama hamna mikanda ya kupandia na mtu aliyefundishwa kazi ya juu, na transmita iwe imezimwa na kufungwa kwa kufuli, ufunguo uwe mfukoni kwa yule anayepanda.

Nne, mvua inakula mawimbi. Kwenye bendi ya C, na zaidi bendi ya X, mvua kubwa iliyoko mbele inameza nguvu, iliyoko nyuma yake inaonekana ndogo au haionekani kabisa. Ukiona msitari mwekundu wa mvua kubwa na nyuma yake kuna uwazi msafi unaofuata umbo lake, usimwambie mtu kule nyuma kuna njia. Sema hatuoni. Bendi ya S haisumbuki sana na hili ila antena yake ni kubwa na bei ni kubwa.

Tano, ndio mashine yenyewe imepungua nguvu. Inashuka taratibu miezi na miezi na macho yanazoea. Nguvu ya transmita ikishuka nusu, yaani desibeli 3, na mashine haijaambiwa, kwa fomula ya zamani ya Marshall na Palmer ya 1948, ile ya kugeuza mwangwi kuwa kiasi cha mvua, mvua itakayoandikwa ni kama asilimia 65 tu ya ile ya kweli. Milimita 60 zinaandikwa 39 hivi. Kwa hiyo kila asubuhi soma nguvu ya transmita na kelele ya risiva uandike kwenye daftari, siyo kwenye kichwa, na mara moja kwa mwezi linganisha mvua ya rada na vipima mvua vilivyoko jirani. Tofauti ya siku moja siyo kitu, tofauti inayoelekea upande mmoja mwezi mzima ni ugonjwa. Kalibresheni ya risiva na transmita iachie mtu mwenye jenereta ya mawimbi na mita ya nguvu zilizopimwa maabara, ukikisia unahamisha kosa tu.

RANGI ZA UPEPO ZIMEGEUKA GHAFLA, NA PETE NYEKUNDU

Haya mawili napita haraka, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kasi kubwa kuliko uwezo wa rada inajikunja: kwa mawimbi ya sentimita 5.3 na mapigo 1000, mwisho ni mita 13 hivi kwa sekunde, kama kilomita 48 kwa saa, upepo ukizidi hapo kijani (inayokuja) inarukia nyekundu (inayoondoka) bila kupita kwenye sifuri katikati. Programu nyingi zinakunjua kwa kutumia mapigo ya aina mbili, hakikisha kipengele hicho hakijazimwa. Ila mtabiri akikuambia ameona kijani na nyekundu zimekaa karibu sana juu ya ranwei kwenye tilti ya chini, zinatengana na katikati yake kuna mstari wa sifuri, usimjibu kwamba ni kujikunja, huo unaweza kuwa ndio ule upepo unaoporomoka. Onyo litoke kwanza, ubishi baadaye.

Pete nyekundu inayozunguka rada kwa umbali mmoja ni barafu inayoyeyuka angani, huku kwetu iko kimo cha karibu kilomita nne na nusu mpaka tano, kwa tilti ya nyuzi 5 inatokea umbali wa kama kilomita 50. Ukipandisha tilti pete inasogea ndani. Mkiona haisogei, niiteni.

ANTENA HAIZUNGUKI, INAKWARUZA, AU PICHA NZIMA IMEKAA UPANDE

Antena ikigoma, sababu ya kawaida ni mlango. Swichi ya usalama ya mlango wa redomu au ya ngazini haijagusa vizuri, au kuna mtu alibonyeza kile kitufe chekundu cha dharura akasahau kukirudisha. Zungukia vyote. Kamwe, narudia kamwe, usiunganishe waya kuruka hiyo swichi ili kazi iende. Sahani ile na giaboksi yake haijui kama kuna mkono.

Kama usalama uko sawa, angalia breka ya mota, kisha alamu ya draivu, kifaa kinachoiendesha mota. Kelele ya kukwaruza kwanza ni grisi iliyokauka, pili mkanda kwa zenye mkanda, tatu beringi. Harufu ya kuungua au vumbi jeusi chini ya zile pete za kupitishia umeme ni kaboni zimeisha, na dalili yake kwenye picha ni data kukatika kwenye nyuzi zilezile kila mzunguko.

Picha kukaa upande ni mbaya zaidi maana haina alamu. Enkoda, kile kifaa kinachosoma antena imeelekea wapi, ikibadilishwa au kulegea, rada inadhani inaangalia kaskazini kumbe sivyo. Nyuzi 2 tu kwa umbali wa kilomita 100 ni kosa la kilomita tatu na nusu, wingu linachorwa nje ya njia ya ndege wakati liko ndani. Hapa ndio jua linakuwa rafiki: asubuhi soma nyuzi za ule mstari wa jua, linganisha na nyuzi za jua kwenye jedwali la siku hiyo na dakika hiyo, zikitofautiana zaidi ya nusu nyuzi asubuhi tatu mfululizo usiongeze namba kwenye programu kuficha, tafuta kilicholegea. Hakikisha tu saa ya kompyuta iko sahihi, saa ikiteleza jua litakudanganya.

TRANSMITA INAJIKATA YENYEWE

Inawaka, inafanya kazi dakika ishirini, alamu ya mawimbi yanayorudi nyuma kwenye transmita badala ya kwenda kwenye antena inapiga, inazima. Au inakubali mchana inakataa alfajiri.

Kwanza joto. Kiyoyozi kimekufa, filta ya feni imejaa vumbi, nyigu wamejenga kwenye tundu la hewa. Chumba kikiwa cha moto ukiingia tu uso unajua. Safisha filta, washa kiyoyozi cha akiba, subiri.

Pili unyevu kwenye wevugaidi, lile bomba la chuma linalopeleka mawimbi juu kwenye antena. Linatakiwa lijae hewa kavu yenye presha kidogo, hewa ikivuja unyevu wa pwani unaingia na cheche zinaruka ndani. Nenda kwenye dihaidreta, mashine ya kukausha hiyo hewa, usifungue kitu, sikiliza tu. Ikiwa nzima inanguruma kidogo inanyamaza muda mrefu. Ikinguruma mfululizo kama friji lenye mlango wazi, kuna pahala panavuja. Angalia kile kidirisha cha kioo chenye punje, za bluu zikishageuka pinki zimekunywa maji zimeshiba. Kuna asubuhi tulizima transmita tukafunga kufuli, tukachukua povu la sabuni ya mche kwenye brashi ya rangi tukawa tunapaka kila kiungo cha bomba kuanzia chini, kiungo cha nne povu likaanza kuvimba taratibu kama jicho, oringi ilikuwa imepasuka. Kampira ka bei ya soda, na rada ilikuwa imelala siku tisa masika.

Tatu umeme mchafu na radi. Angalia vizuia radi kwenye paneli, vingi vina kidirisha kinachogeuka rangi vikishapigwa. Nne wanyama, mjusi kafiri akiingia kwenye bodi ya umeme anakufa na bodi inakufa naye, kwa hiyo zibeni kila tundu la kebo. Tano ndio magnetroni (inayotengeneza mawimbi) au modileta (inayoipa pigo la umeme) yenyewe imechoka.

SIMAMA HAPA, na hii ndiyo kubwa kuliko zote. Ndani ya kabati ya transmita kuna makumi ya maelfu ya volti, na kapasita zinashika chaji hata baada ya kuzima na kuchomoa. Multimita yako ya volti 1000 ukiiweka pale inakulipukia mkononi. Ikiwa inafanya kazi milango imefunguliwa inaweza kutoa hata eksirei. Magnetroni ina sumaku kali, bisibisi la chuma linarukia, mwenye kifaa cha moyo asikaribie, na kauri ya ndani ya baadhi yake ikivunjika vumbi lake ni sumu ya mapafu. Kama hujafundishwa mashine ile ile, hamko wawili, hamna fimbo ya kutolea chaji, fungeni mlango. Na ikijikata mara tatu usiiwashe ya nne, cheche kila mara inakula bomba zaidi.

Ukiamua kumpigia fundi mkuu au kiwanda, usiseme tu rada mbovu. Kuwa na haya mkononi: saa ya tukio kwa UTC, maneno ya alamu kama yalivyoandikwa, nguvu ya transmita na kelele ya risiva za leo na za wiki iliyopita, presha ya wevugaidi, joto la chumba, kama umeme ulikatika au radi ilipiga, na picha tatu za skrini, moja ya kabla, moja ya wakati na moja ya tilti ya juu. Rada ikirudi usikabidhi palepale, iache izunguke saa nzima, linganisha na setelaiti na kipima mvua, alafu ndio umpigie mtabiri umwambie sasa iangalie, naye ajibu kwamba taua wameambiwa, uandike jina na saa.